Fundi kama hujui kufunga, usifungue!! Pikipiki ya mzee iko kwa gunia tangu mwaka jana (Nakuru)

Wadau nimechoka, leo lazima niongee. Niko na Yamaha AG100, ile ya zamani ya tu-stroki ya watu wa kilimo. Mzee wangu alikuwa afisa wa kilimo upande wa Njoro na hiyo ndio ilimbeba kwa wakulima mpaka akastaafu, akaniachia. Mwaka jana nikipanda kwenda Mau Narok injini ikashika, pistoni ikakwama ndani. Sawa, hutokea, nikaipeleka gereji moja huku Shabab, fundi akasema ni kubo bloku (kupanua tundu la pistoni), pistoni na ringi mpya, sili za krenki, wiki moja imeisha. Nikampa 6,500.

Wiki ikawa mwezi, mwezi ikawa minne, kila nikipiga simu ni ongeza ya beringi, ongeza ya gasketi. Siku niliamua kwenda nikapata alishahama, injini iko kwa karai, hedi chini ya benchi imejaa mchanga. Jirani yake ndiye alinisaidia kuokota nati.

Na kinachonichoma sio hata pesa. Huyu mtu hakuwa na pula, kale kachombo ka kuvuta magneto itoke, akaigonga na nyundo! Halafu akachomeka bisibisi katikati ya keisi, zile nusu mbili zinazofunika krenki, akabinua, sasa pale zinapokutana kuna makovu unayasikia na kucha. Injini ya foro-stroki kama Boxer labda ingevuja oili upanguse uendelee, lakini tu-stroki hewa na petroli zinapitia huko chini kwa krenki kwanza, pakiwa na kaufa kadogo tu inavuta hewa ya nje, petroli inapungua, joto linapanda na pistoni inashika tena. Yani angeifunga hivyo ningerudi palepale Mau Narok nikisukuma.

Sasa kupata wa kumalizia ndio balaa. Nimezunguka Shabab, Kaptembwo, mpaka Njoro. Mmoja hata gunia hakufungua, ati kazi ya mtu mwingine haingilii. Mwingine ananiuliza mbona nisiuze skrap kwa kilo. Kwa kilo, pikipiki iliyotusomesha! Wa tatu alitaka 12,000 kabla hajaangalia chochote. Najua vijana wengi walijifunza hii kazi baada ya 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa foro-stroki za India na China, hiyo sio makosa yao, lakini si useme hujui mapema mtu atafute mwingine?

Bloku imeshaboiwa, pistoni mpya bado iko kwa karatasi yake. Kinachokosa ni kale kachuma ka nusu mwezi kanakoshikilia magneto kwa krenki, bila hako spaki inapiga wakati sio wake, na skrubu mbili za pampu ya oili. Vingine vyote nimeosha nikapanga kwa mikebe.

Kama unajua mzee yeyote aliyekuwa anatengeneza hizi za kilimo ama za machifu, Nakuru, Molo, Kericho, hata Kisumu kule Kamas, na anaweza kusawazisha hizo keisi, niambie tafadhali. Nitaibeba mwenyewe kwa matatu. Spea nanunua mimi, nitakaa hapo kwa stuli akifunga kuanzia nati ya kwanza, na pesa ya kazi atapata siku ikiwaka.