Zinia za kukata na za rangi ya bustani: Benary's Giant, Oklahoma au Profusion?

kitalu_arusha
Habari wakuu. Nina tuta la mita 4 kwa mita 1 linalopigwa jua kutwa, na ukingo wa mita 6 mbele ya baraza. Tuta nataka liwe la maua ya kukata, ukingo uwe wa rangi tu. Mbegu nilizopata ni Benary's Giant, Oklahoma na Profusion, pamoja na pakiti ya mchanganyiko isiyo na jina. Ipi iende wapi, na kwa nini? Niko Arusha, upande unaojaa ukungu asubuhi za Juni na Julai.

mama_vitalu
Ukingoni weka Profusion, hapo hakuna mjadala. Ni chotara wa Zinnia elegans na Zinnia angustifolia, na kutoka kwa angustifolia amerithi kustahimili ubwiri unga (ugonjwa wa vumbi jeupe kwenye majani) na madoa ya majani. Rangi mbili za kwanza, Orange na Cherry, zilipewa medali ya dhahabu ya All-America Selections, majaribio ya Marekani ya aina mpya za mimea, mwaka 1999. Hufika sentimita 30 hadi 45 na kutanuka kama kichaka, kwa hiyo acha sentimita 30 kati ya mche na mche. Mita 6 zinatosha miche 20. Maua mapya huyafunika yaliyokauka, huna haja ya kupita na mkasi kila wiki. Ila usiyategemee kwa chombo cha maji, vikonyo ni vifupi mno.

Shina_refu
Kwenye tuta, kura yangu ni Benary's Giant. Ua moja lina upana wa sentimita 10 hadi 12, tabaka kwa tabaka, na shina ni nene. Panda kwa sentimita 25 kila upande: mistari 4 ya miche 16, jumla 64. Mbegu ifukie nusu sentimita hadi sentimita 1, udongo ukiwa na joto itachomoza ndani ya siku 4 hadi 7.

Mche ukifika sentimita 25 hivi, kata kichwa, uondoe sentimita 7 hadi 10 za juu, mkasi upite juu kidogo ya jozi ya majani. Wengi huona uchungu kukata hapo. Usipokata, utapata ua moja kubwa katikati na matawi mafupi yanayobanana chini yake. Ukikata, machipukizi ya pembeni hupanda kwa pamoja na kila moja linakuwa shina la kuuza.

bwana_salfa
@Shina_refu ni kweli kwa msimu mkavu. Lakini ameshasema kuna ukungu wa asubuhi. Hapo Benary's Giant iliyobanana itaanza kuonyesha vumbi jeupe kwenye majani ya chini, na ubwiri unga hauhitaji jani kulowa. Ubwiri hupenda hewa nzito, usiku wa baridi na kivuli. Oklahoma huvumilia zaidi. Ua lake ni dogo, sentimita 4 hadi 6, lakini hutoa mashina mengi na mpangaji maua hulitumia kujaza shada pasipo ua moja kumeza mengine.

Salfa ileile wanayopulizia mikorosho kusini dhidi ya ubwiri hufanya kazi hapa pia, mradi uziwahi dalili za mwanzo. Usiipulize jua likiwa kali, joto likipita nyuzi 30 huunguza majani. Na usichanganye ubwiri na madoa: madoa ya kahawia yenye pembe na duara la njano kuzunguka ni bakteria, husafiri na mbegu, na salfa haiyagusi. Mche wa hivyo ng'oa, na acha kumwagilia kwa juu. Maji yaende kwenye shina.

mama_vitalu
Naongeza jambo ambalo pakiti haisemi. Zinia huwahi kutoa ua mchana ukiwa mfupi. Vipimo vya pakiti ni vya kiangazi cha Ulaya na Marekani, mchana wa saa 15 na kuendelea. Kwetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo tumba hutokea mmea ungali mfupi. Benary's Giant ya sentimita 120 usiitarajie. Dawa ni kuukuza mche haraka kabla ya tumba: changanya samadi iliyooza vizuri wiki mbili kabla, panda moja kwa moja tutani, na usiiache miche ikae kwenye trei mpaka mizizi ijizungushe. Mche uliodumaa hutia tumba hukohuko kwenye trei, na hata ukiuhamisha hautarefuka tena. Yuria nayo usizidishe, shina litakuwa laini na kuvunjika shingo.

kitalu_arusha
Nashukuru sana. Basi nigawe tuta, nusu Benary's Giant, nusu Oklahoma? Na nitajuaje ua liko tayari? Nikiyakata mengine huinamisha kichwa siku hiyohiyo.

Shina_refu
Gawa hivyo. Benary's Giant uioteshe ili ichanue miezi mikavu, Oklahoma ibebe miezi ya ukungu.

Kuhusu kuinama: shika shina sentimita 20 chini ya ua, litikise taratibu. Kichwa kikiyumbayumba, liache, shingo haijakomaa. Shina likisimama kama kijiti, kata. Usikate likiwa tumba, zinia haiendelei kufunguka ndani ya maji. Kata asubuhi umande ukishakauka, shuka chini mpaka juu ya jozi ya majani ya chini, ili machipukizi yanayofuata yawe marefu. Toa majani yote yatakayozama. Zinia huchafua maji haraka, hivyo tia matone machache ya jiki kwa lita na ubadilishe kila baada ya siku mbili. Utapata kama wiki moja. Friji usiweke, baridi kali huyaunguza.

bwana_salfa
Pakiti isiyo na jina ipande pembeni, mbali na tuta. Mengi yatakuwa ya tabaka moja, na nyuki watayachanganya na Benary's Giant, ikiwa utataka kuvuna mbegu zake. Ya Profusion usihifadhi, ni chotara, watoto huenda wasifanane na mama. Za Benary's Giant vuna ua likikauka kahawia mpaka kwenye shina: vuta petali, mbegu imeng'ang'ania chini yake kama ncha ya mshale. Ibonyeze kwa ukucha. Ikiwa ngumu, weka. Ikibonyea ni pumba.