Makato ya madeni kwenye mishahara ya watumishi wa umma: kanuni ya theluthi moja inamlinda nani?

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa kina, kwa kuwa linagusa karibu kila nyumba yenye mwalimu, muuguzi au mtendaji wa kata. Hapa Tanzania, utaratibu wa utumishi wa umma unataka makato yote ya mtumishi yasizidi theluthi mbili za mshahara wake, ili theluthi moja imfikie mkononi. Tumezoea kuitaja kanuni hiyo kama kinga ya mtumishi. Kwa maoni yangu, jinsi inavyotumika sasa inamnufaisha zaidi mkopeshaji, na kiasi anachoachiwa mtumishi kinapaswa kupangwa kwa shilingi zinazotosha kuishi mwezi mzima badala ya sehemu ya mshahara.

Tupige hesabu. Mwalimu aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali analipwa shilingi 800,000. Kabla hajakopa hata senti moja benki, anakatwa asilimia 5 ya mchango wa PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ambayo ni 40,000. Asilimia 3 ya bima ya afya, 24,000. Asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi, 16,000. Kodi ya mapato, 68,000. Na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, 120,000. Jumla ni 268,000, naye anabakiwa na 532,000. Theluthi moja ya mshahara wake ni kama 266,700, kwa hiyo bado kuna nafasi ya kumkata takriban 265,000 kila mwezi. Afisa mikopo akiitazama hati hiyo ya mshahara, haulizi mwalimu ana watoto wangapi shuleni wala kama anaishi nyumba ya kupanga. Anachotaka kujua ni ukubwa wa nafasi iliyobaki na miaka iliyosalia kabla ya kustaafu. Kikomo kilichowekwa ili mtu asikatwe kupita kiasi kimekuwa ndicho kipimo cha kumkopeshea mpaka mwisho.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba bila makato ya moja kwa moja hakuna benki itakayomkopesha mtumishi asiye na hati ya kiwanja, na ikimkopesha itamtoza riba kubwa zaidi. Ni kweli kwamba watumishi wengi wamejenga na kusomesha kwa mikopo ya namna hii, na sipendekezi ifutwe. Ninachopinga ni mkopeshaji kuhakikishiwa fedha yake kabla mwenye mshahara hajaigusa, halafu asibebe wajibu wowote wa kupima kama mkopaji ataweza kuishi. Hata mdai aliyeshinda kesi mahakamani hana budi kuomba kukazia hukumu, yaani kuomba mahakama isimamie utekelezaji wake, na mdaiwa hupata nafasi ya kueleza hali yake. Kwa mkopo wa mshahara, sahihi ya siku moja inatosha kwa miaka mingi.

Deni la elimu ya juu nalitenga, kwa sababu fedha inayorejeshwa husomesha wengine, na mimi naamini lazima lilipwe. Hata hivyo, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato hayo kutoka asilimia 8 hadi 15, yakawakuta hata waliosaini mikataba yao kwa kiwango cha zamani. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, jambo linaloonyesha kwamba masharti haya yanaweza kurekebishwa serikali ikitaka. Kwa nini basi anayeanza kazi kwa mshahara mdogo akatwe asilimia ileile anayokatwa mkurugenzi?

Linaloniumiza zaidi linatokea baada ya mshahara kuingia benki. Nafasi kwenye hati ya mshahara ikiisha, mtumishi huangukia mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu, ambako dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Nimemwona mkopeshaji mmoja siku ya mshahara akiwa kwenye foleni ya mashine ya kutolea fedha na kadi za watu zilizofungwa kwa mpira, kila moja imebandikwa karatasi yenye namba. Mtumishi hupigiwa simu baadaye aje achukue kilichobaki. Ile theluthi inayolindwa na mwajiri ndiyo hiyo inayotolewa pale.

Napendekeza kiwekwe kiwango cha chini cha shilingi ambacho mkopo wa hiari hauruhusiwi kukigusa, kipitiwe upya kadiri bei za vyakula na kodi za nyumba zinavyopanda, na anayeshika kadi ya mtu mwingine ashitakiwe hata kama mwenye kadi aliitoa kwa hiari. Najua kiwango hicho kitawanyima mikopo baadhi ya watumishi wa ngazi za chini. Wenye njia bora ya kuwasaidia waieleze. Nawaomba pia mlio kwenye ofisi za utumishi na uhasibu mtufafanulie jambo moja ambalo watumishi wanalalamikia sana: mkopo ukiwa umekwisha na makato yakaendelea, ni nani mwenye mamlaka ya kuyasimamisha mwezi huohuo, na mtumishi aliyeko kijijini aanzie wapi kudai alichozidishiwa?