Naomba ushauri: muuzaji wa gerimani anataka malipo kabla ya sampuli

Muulizaji (Dar es Salaam):
Wakuu, habari za jioni. Mshirika wangu aliyeko Lubumbashi amekutana na mtu anayeuza kwa magunia mabaki ya tanuru la kuyeyushia shaba, ambayo anadai yana gerimani, elementi inayotumika katika nyaya za mawasiliano za nyuzi za kioo na katika lenzi za kamera zinazoona joto. Anataka nusu ya fedha kabla ya kutoa sampuli, kwa hoja kwamba bei imepanda tangu China ibane mauzo yake ya nje. Fedha zenyewe ni za kikundi chetu cha akiba, hivyo naomba mwongozo kabla sijamjibu.

Mkemia:
Ndugu, usilipe. Kuhusu bei amesema kweli: China ilianza kudai leseni ya kuuza nje gali (metali nyingine) na gerimani tarehe 1 Agosti 2023, ikapiga marufuku kuziuza Marekani Desemba 2024, kisha Novemba 2025 ikasitisha marufuku hiyo kwa muda; tangu masharti hayo yaanze, bei ya Ulaya imepanda zaidi ya maradufu. Lakini bei hiyo ni ya metali iliyokwisha kusafishwa, si ya mabaki. Gerimani hujificha kwa kiasi kidogo sana ndani ya madini ya zinki, na kuitoa kunahitaji kuigeuza kuwa kloridi inayochemka kwenye nyuzi 83, kuitenga kwa kuichemsha na kukusanya mvuke wake, kuifanya oksidi, ndipo oksijeni iondolewe kwa hidrojeni. Viwanda vyenye uwezo huo ni vichache duniani, navyo hulipa kwa gramu zilizothibitishwa katika kila tani, tena hukata fedha mzigo ukiwa na arseniki nyingi.

Mkazi wa Lubumbashi:
Mimi ningeanza na swali la mwenye mali. Kilima kikubwa cha mabaki kilichopo mjini kwetu, ambacho gerimani yake ilitokana na madini ya mgodi wa Kipushi, kiko chini ya kampuni ya STL, tanzu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Mwaka 2024 STL ilitangaza ushirikiano na kampuni ya Umicore ya Ubelgiji, na shehena ya kwanza ya makinikia ilisafirishwa Oktoba mwaka huo. Mtu binafsi anayeuza mabaki hayo kwa gunia aonyeshe alivyoyapata kihalali. Vinginevyo mshirika wako anaweza kukamatwa pamoja na mzigo, na hilo linanihuzunisha kuliko fedha kupotea.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Je, akikubali kutoa sampuli, nichukue ile atakayonitumia?

Wakala wa forodha:
Hapana, kaka. Sampuli ichukuliwe na mkaguzi asiye wa upande wowote, kutoka magunia mengi na mbele ya mshirika wako, ifungwe kwa lakiri na kupelekwa maabara huru. Kabla ya hapo, mwandikie muuzaji akuletee hati za umiliki na kibali cha kusafirisha nje, kisha mshirika wako azipeleke mwenyewe kwenye ofisi ya madini zikahakikiwe. Akikataa, rudisha fedha kwa wanakikundi.