Mama mkwe anasema "damu ya Kihaya imejitokeza". Ulimi unarithiwa kweli?

Mkerewe wa Kirumba:
Habarini wana jukwaa. Nauza dagaa hapa Mwaloni, na nyumbani kuna ubishi hauishi. Wenye elimu nisaidieni.

Mimi nimekulia Nansio kwa ugali wa muhogo na dagaa. Mume wangu ni Msukuma wa Magu. Tuna kijana wetu wa darasa la pili, na tunaishi na binti wa marehemu dada yangu, ambaye baba yake ni Mhaya wa Muleba. Huyo binti nilimchukua hajaanza hata kutambaa, na Kagera hajakanyaga tena.

Sasa Novemba iliyopita jirani akatuletea senene wabichi kwenye ndoo. Mimi senene nawala kwa macho tu. Binti akakaa chini, akaanza kuwanyonyoa mbawa na miguu, tena haraka haraka, na walipokaangwa kwa chumvi alikula mpaka akakomba sufuria. Mama mkwe akapiga kigelegele: "Damu ya Kihaya imejitokeza!"

Kijana wangu sasa. Mgagani, ile mboga chungu ya majani, haupiti kabisa. Anauficha shavuni, anazuga anatafuna, halafu anatoka kwenda kuutema nyuma ya pipa la maji, na kuku wameshamzoea, wanamsubiri pale. Mnafu hivyo hivyo. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, anakula, maziwa mgando anakunywa. Ila bibi yake kwa huo mgagani anaumia kuliko aliyetukanwa, na anayeangaliwa kwa jicho baya ni mimi, kana kwamba Ukerewe ndiyo iliyoharibu mbegu.

Je, ni damu au ni malezi? Maana hawa wote wanakula sufuria moja.

Mwalimu wa Baiolojia, Nyegezi:
Dada, kwa kijana bibi amekaribia ukweli, kwa binti yuko mbali.

Kusikia uchungu kunarithiwa. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa anamimina unga uitwao PTC, ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu, Fox mwenyewe hakusikia chochote. Mwaka 2003 jeni linalohusika likajulikana, linaitwa TAS2R38. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama, na zipo nakala kali na zipo butu. Mgagani una glukosinoleti, kemikali za jamii moja na zile za kabichi na sukuma wiki, na mwenye nakala kali mboga za namna hiyo humchachamalia zaidi. Kwa hiyo sufuria ni moja lakini kijana huenda anaonja mboga nyingine kabisa. Wala usikubali kubebeshwa lawama peke yako, Magu nako kuna nakala kali.

Senene ni habari tofauti. Hakuna jeni la Kihaya la kupenda senene. Naomba nikuulize, dada yako alikuwa wapi wakati wa mimba? Mtoto huanza kuonja akiwa tumboni. Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walichapisha mwaka 2001 kwamba wajawazito waliokunywa juisi ya karoti miezi ya mwisho, watoto wao walipoanzishiwa uji waliupokea ule wenye karoti bila kukunja sana uso.

Mkerewe wa Kirumba:
Alikuwa Muleba, na msimu wa senene ulimkuta na tumbo kubwa! Alikuwa ananipigia simu huku anatafuna, namsikia. Lakini mwalimu, marehemu alikuwa Mkerewe kama mimi. Sasa hiyo damu ya Kihaya imepita wapi?

Mzee wa Sengerema:
Wanangu, mimi nimevua ziwa hili. Sangara aliletwa miaka ya 1950, akaja kujaa miaka ya 1980, furu wakaisha. Baba yangu alimkataa mpaka anaingia kaburini, alisema ana mafuta na ananuka. Leo wajukuu zangu wanagombania mapanki, mabaki ya huyo huyo sangara. Damu gani inageuka kwa vizazi vitatu?

Na hiyo michembe ya bibi, viazi vitamu asili yake ni bara la Amerika. Muhogo wa Ukerewe vilevile, na mahindi pia. Wakongwe wetu walisonga mtama na uwele. Mpikieni bibi ugali wa uwele mwone kama atamaliza.

Mwalimu wa Baiolojia, Nyegezi:
Shikamoo mzee. Kwa sangara nakubali mia kwa mia. Ila maziwa yatakubishia. Watu wengi duniani wakishakua tumbo linashindwa sukari ya maziwa, wanajaa gesi na kuharisha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba wafugaji wetu wengi wana badiliko la jeni linalowawezesha kunywa, na si lile la Wazungu, lilizuka huku huku. Ndipo mgando unapookoa wengine, bakteria wanakuwa wameshaila sehemu ya ile sukari.

Ng'wana Kisesa:
Mmesoma sana, lakini mtoto bado hajala mboga. Shoga yangu, uchemshe huo mgagani, umwage maji ya kwanza, kisha utie maziwa au karanga ya kutwanga na uuache ulale. Wa kesho yake ndio mtamu. Mpe kijiko kimoja tu, usimkemee, kesho kutwa tena kijiko. Hata kliniki wanatuambia mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa mara kumi na zaidi. Fimbo ndiyo inayomfanya auchukie mpaka anaoa.

Mkerewe wa Kirumba:
Nitajaribu na karanga. Bibi nimemsomea yote. Kasema hao wa karoti wangekuwa na mgagani wasingehangaika na karoti. Ugali wa uwele kaukubali, kasema uletwe.

Omwana wa Bukoba:
Nimesoma mpaka mwisho nikitafuta jambo moja silioni. Huyo jirani wa Kirumba senene anawatoa wapi, na kopo anauza shilingi ngapi?