Naombeni ushauri: nawasaidiaje wauguzi wapya bila kuishiwa nguvu?

Habari zenu dada zangu. Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, kwetu Mombasa. Wodini yuko mama mmoja mwenye asili ya Jamaika, karibu anastaafu, ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba wanawake wengi wa Karibiani waliokuja kusomea uuguzi baada ya NHS (huduma ya afya ya taifa ya Uingereza) kuanzishwa mwaka 1948 walisukumwa kwenye kozi ya miaka 2 ya SEN (muuguzi wa daraja la chini) badala ya ile ya miaka 3 ya SRN (muuguzi kamili), na cheti hicho kikawafungia njia ya kupanda cheo. Ndiyo maana mimi hanipi nafasi ya kupumua: omba Bendi 6 (cheo kinachofuata juu ya muuguzi wa kuanzia), usingoje kuitwa! Fomu zangu anazipitia mstari kwa mstari, na mazoezi ya usaili ananibana kwelikweli.

Sasa kuna dada zetu wanaofika kutoka nyumbani, nao wananitegemea niwaandae kwa OSCE, mtihani wa vitendo wa kusajiliwa kuwa muuguzi hapa. Mtihani huo si mchezo: kumpima mgonjwa, kuandika mpango wa huduma, kutoa dawa, yote kwa dakika za kuhesabiwa. Nikitoka zamu ya usiku, simu zinaita. Nikikataa, naringa (washasema tayari).

Tunafikiria kuunda kikundi, mfano wa chama, kila aliyefaulu afundishe kituo kimoja (sehemu moja ya mtihani). Mliojaribu, mlitoza ada? Na aliyefaulu kisha akatoweka, mlimfanyaje? Huyo mama naye, nimwombe aje kufundisha, au nitakuwa namtwika mzigo uzeeni?