Wauza mziki na mafundi wa homu thieta, spika ya kati sio pambo la kabati!

Wakuu salaam. Leo naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Hivi hawa wauza mziki na mafundi wao nani aliwaambia spika ya kati ni pambo? Maana ukiingia dukani wanakuonyesha zile mbili ndefu za mbele, wanakufungulia bezi mpaka kifua kinatetemeka, unasifiwa sabufa weee, halafu ukishatoa hela ndio wanakuwekea kispika kimoja cha kulala juu ya boksi, "hii senta, bosi, ni ya kukamilishia seti tu". Ya kukamilishia! Spika ambayo karibu maneno yote ya muvi yanatokea humo, mtu mzima anayekula kwa kazi hiyo anakwambia ni ya kukamilishia.

Nyumbani mzee wangu masikio yameshachoka na macho nayo hivyohivyo, maandishi ya chini ya kioo hayaoni tena. Mziki huu nilimfungia yeye, aangalie muvi zake na mpira bila kumuuliza mjukuu kila saa "amesemaje huyo?". Nikalipa duka moja la mjini, hela ya vifaa na hela ya fundi juu, na sio hela ya mchezo. Ikawa bunduki zikilia mtaa mzima unajua tunaangalia nini ila watu wakianza kuongea sebuleni hakuna anayeambulia kitu, mzee anapandisha sauti atafute maneno, bomu likilia anashusha, anapandisha tena, anashusha, mwisho anasema zimeni nikalale. Nikipiga simu dukani najibiwa "hiyo muvi imerekodiwa vibaya". Muvi zote? Na taarifa ya habari saa mbili usiku nayo imerekodiwa vibaya?

Nikaamua kukagua mwenyewe kazi waliyofanya na hapo ndio nilichoka kabisa.

Kwanza spika ya kati wameisukumia ndani ya kabati la TV, kwenye kile chumba chenye mlango wa kioo, imerudi nyuma mpaka inagusa ubao. Spika yenyewe ina tundu la hewa kwa nyuma, sasa hewa itatokea wapi? Spika ikikaa hivyo sauti ikitoka inapiga mbao za juu na chini na pembeni ndio inakuja kwako, mwanaume akiongea anakuwa kama yupo ndani ya pipa. Spika kama umelazimika kuiweka kwenye rafu inatakiwa uso wake ufike ukingoni kabisa au utokeze kidogo ili sauti isigonge ubao wa mbele yake, nyuma na pembeni iachiwe nafasi ya kupumua, na mlango wa kioo uondolewe, hilo wala sio la kujadili. Tena kabati letu ni fupi, spika ipo usawa wa magoti na inatazama mbele moja kwa moja, kwa hiyo inaongea na miguu yetu! Ilitakiwa iinuliwe uso, hata kwa kuweka vipande vya mpira chini ya ukingo wa mbele, ile twita (kale kaspika kadogo ka sauti nyembamba) itazame masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Kazi ya dakika mbili. Na wale wanaopachika TV juu karibu na dari halafu senta wanaipandisha juu ya TV bila kuiinamisha wanafanya kosa hilohilo kwa upande wa pili, maneno yanapita juu ya vichwa vya watu.

Pili, na hili ndio limeniumiza zaidi, TV wameiunganisha kwenye risiva, ile mashine inayoendesha spika zote, kwa ule waya wa nyekundu na nyeupe. Wakuu ule waya unabeba chaneli mbili tu, kushoto na kulia, basi. Muvi iwe na 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa moja) ya aina yoyote ile hapo haipiti, mzee amelipia spika tano na sabufa halafu amepewa mlango wa spika mbili. Wakati TV ina HDMI ya ARC, ile inayorudisha sauti ya TV kwenye risiva, na risiva inayo, ni kuchomeka waya mmoja na kuingia kwenye setingi za sauti za TV kutoa PCM (TV inaifungua sauti yenyewe) na kuweka bitstream (inaipitisha kama ilivyo) au auto, maana ukiacha PCM TV nyingi zinaishusha sauti kuwa ya chaneli mbili hata kama waya ni mzuri. Na hata kwa vitu vya chaneli mbili kama ving'amuzi vingi na muvi za flashi, risiva ina ile Dolby Surround au Pro Logic ambayo inachukua kile kilichofanana kushoto na kulia inakipeleka kati. Sauti ya mtangazaji wa mpira kwa kawaida imefanana pande zote, sauti ya DJ wa muvi za kutafsiriwa mara nyingi ndio hivyohivyo, kwa hiyo ukiwasha hiyo kitu maneno yanahamia spika ya kati na kelele za uwanjani zinabaki pembeni. Fundi aliiacha kwenye stereo, yaani spika ya kati ilikuwa haitoi hata kasauti, na alisimama pale sebuleni akaniambia kazi imeisha.

Maikrofoni ya kupimia nimeikuta ndani ya boksi, nailoni haijafunguliwa. Yamaha wana YPAO, Denon na Marantz wana Audyssey, unaweka ile mic pale mtu anapokaa, usawa wa masikio, risiva inapiga milio yenyewe inapima umbali na ukubwa wa sauti ya kila spika. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja ni karibu milisekunde tatu, spika moja ikiwa mbali kuliko nyingine risiva inazichelewesha zile za karibu ili zote zifike pamoja. Sasa yeye kaacha umbali wa kiwandani na spika ya kati kaiandika "large", kispika chenye wufa (vile vispika vya sauti nzito) za inchi nne kinalazimishwa kubeba bezi yote wakati sabufa ipo pembeni imekaa. Hizi zinawekwa "small" zinakatwa kwenye 80 Hz, au 100 kama ni ndogo sana, mzigo wa chini unaenda kwa sabufa na spika ya kati inabaki na kazi ya maneno. Baada ya hapo maneno yakiwa bado hafifu unaongeza chaneli ya kati desibeli mbili au tatu na mzee anasikia bila kupandisha mziki mzima.

Sasa tuje kwenye spika yenyewe maana hapa ndio naona wanatuibia mchana kweupe. Ile ya kulala yenye wufa mbili pembeni na twita moja katikati inatengenezwa vile ili iingie kwenye kabati na ipendeze chini ya TV, kwa masikio ina tatizo ambalo duka halikwambii. Zile wufa mbili zinapiga sauti ileile kwa pamoja, ukikaa katikati zinakufikia sawa hakuna shida, ukikaa pembeni moja ipo karibu na wewe nyingine ipo mbali, moja inachelewa na zinaanza kuuana. Pigeni hesabu wenyewe: wufa zikiachana sentimita 30 kati kwa kati na wewe umekaa pembeni kwa digrii 30, tofauti ya safari ni sentimita 15, hiyo ni nusu ya wimbi la kama 1,100 Hz, na hapo ni katikati kabisa ya sauti ya mtu anayeongea. Sebule zetu mnazijua, kochi la watatu linatazama TV na mengine mawili yapo ubavuni, wageni na watoto wote wanakaa ubavuni, yaani spika iliyonunuliwa ili watu wa pembeni wasikie ndio inawanyima hao wa pembeni!

Kupima ni rahisi, weka mtu anayeongea tu kama taarifa ya habari, kaa katikati halafu tembea taratibu kwenda pembeni, ukisikia sauti inafifia na maneno yanakuwa mazito ujue ndio hiyo. Zipo za kulala zilizotengenezwa kwa akili, twita imekaa juu ya kispika kidogo cha sauti ya kati na wufa mbili zinabaki na kazi ya chini peke yake, hizo hazina ugonjwa huo sana ila bei imesimama. Kitu bora kuliko vyote ni spika ya tatu inayofanana kabisa na ile ya kushoto na ya kulia, isimamishwe wima, twita zote tatu zikiwa karibu usawa mmoja. Kwenye sinema za ukweli ndio hivyo, spika za mbele zinasimama nyuma ya kitambaa chenye vitundu, ya kati sawasawa na wenzake. Mimi nimeuziwa mbele kampuni nyingine na kati kampuni nyingine, gari ikikatiza kutoka kushoto kwenda kulia ikifika katikati inabadilika inakuwa gari nyingine kabisa. Ukiuliza kwa nini hawauzi ya tatu wanasema zinauzwa pea. Haya fungueni pea basi, au agizeni!

Na kama huna uwezo wa spika ya kati nzuri duka lenye utu lilitakiwa likwambie usinunue kabisa. Risiva unaiambia hakuna senta, maneno yanagawanywa kushoto na kulia, mtu aliyekaa katikati atayasikia yanatoka kwenye TV, wa pembeni ndio atayasikia yanatoka kwenye spika iliyo karibu naye. Ni bora hiyo kuliko kulipia takataka. Lakini hawasemi, kwao seti lazima ikamilike na PMPO, zile wati za kujisifia, iandikwe maelfu kwenye boksi, ukiuliza wati za RMS, zile za kweli, wanakuangalia kama umewatukana.

NYONGEZA: kuna mkuu hapo chini kasema niuze vyote ninunue saundiba. Mkuu sijakataa, ila hata saundiba angalia namba, 3.1 ina chaneli ya kati na 2.1 haina, usije ukarudi hapa na kilio kilekile. Na wewe uliyesema niwashe night mode, hiyo inabana tofauti ya kelele kubwa na ndogo, bomu litapungua sawa, ila spika ikiwa imefungiwa kwenye kabati maneno yatabaki yamefungiwa vilevile. Aliyeuliza kama nimeangalia waya, ndio, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi spika zote, ni kitu pekee fundi alichofanya sawasawa.

Kwa sasa kabati nimeling'oa mlango, waya wa HDMI upo na vipimo nimefanya mwenyewe, mzee wa katikati anasikia, mama anayekaa kochi la pembeni bado anauliza. Kwa hiyo madai yangu kwa duka nimeyaandika kwa meseji: waje wachukue senta yao wanipe spika ya tatu ya aina ileile ya mbele nitaongeza hela kama inabidi, au warudishe hela ya senta pamoja na ya fundi. Wamesoma hawajajibu. Wakijibu nitaweka hapahapa. Na mwenye kujua duka linalouza spika za rafu moja moja bila kulazimisha pea, Dar au hata Morogoro nitafuata, aweke hapa au anicheki inbox.