Matatu ya Mutongi au daladala ya Rizzo: tuanze na kipi?

Karatasi_Nyeupe: Wakuu, habari za jioni. Kijiwe chetu cha kusoma hapa Tabata tuko watu 8, na mchango wa safari hii unatosha kitabu kimoja, nakala mbili za kuzungushana. Riwaya tumezisoma vya kutosha. Sasa tunataka kitabu kinachoeleza maisha haya haya ya mjini. Vimebaki viwili mezani, vyote vya 2017 na vyote vya usafiri: *Matatu* cha Kenda Mutongi, kuhusu Nairobi, na *Taken for a Ride* cha Matteo Rizzo, kuhusu daladala za Dar. Aliyevisoma atupe mwanga. Kiingereza chetu wengine ni cha kuombea maji, hilo mlizingatie.

Nganya_ya_Rongai: Mimi ni wa Mutongi, nasema mapema nisije nikaambiwa napendelea. Yule ni mwanahistoria na anajua kusimulia. Anatoka mbali, enzi nauli ilikuwa sarafu tatu za senti kumi, ndiyo asili ya jina matatu, na magari yenyewe yalifanya kazi kwa kujificha, polisi wakiyafukuza. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akayaruhusu yabebe watu bila leseni, na tangu hapo unaliona jiji likikua pamoja nayo: muziki, michoro, genge la Mungiki likitoza pesa kwa steji, mpaka sheria za Waziri Michuki za 2004, mikanda na vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. (Wiki ile magari yaliadimika, tulipiga mguu hadi soli zikaisha.) Anachosisitiza ni kwamba biashara hii waliijenga wananchi wenyewe, bila mfadhili na bila serikali kuwashika mkono. Kiingereza chake hakina makuu.

Konda_Mstaafu: Hapo kwa "wananchi wenyewe" naomba mnishushe. Nimeshika mlango miaka 6, Gongo la Mboto. Gari halikuwa langu wala la dereva. Bosi jioni anataka hesabu yake, imetimia. Mafuta juu yetu, faini ya trafiki juu yetu, mpiga debe naye anataka chake pale kituoni, na kinachobaki ndiyo mnagawana. Siku ya foleni mnarudi nyumbani na harufu ya dizeli. Ndiyo maana tulikuwa tunakimbiza na kukatisha ruti, watu wakatuona wahuni. Ukiumwa, deiwaka, yaani kibarua wa siku, anashika nafasi, na ukipona unaweza kukuta nafasi imeshapata mwenyewe. Mkataba hatukuwahi kuuona.

Rizzo ameiweka hiyo hesabu katikati ya kitabu, na anafuatilia jinsi madereva na makondakta walivyojikusanya kudai mikataba, wakaungana na chama cha wafanyakazi wa uchukuzi.

Lakini kilichonikalisha chini ni habari ya takwimu. Wadodosaji wa serikali wanapita kuuliza: umeajiriwa, au umejiajiri? Sasa jamani, kwa Kiswahili chetu aliyeajiriwa ni nani? Ni mwenye barua, mshahara wa mwisho wa mwezi, makato ya NSSF. Konda akiulizwa atasema hajaajiriwa, basi anaandikwa kajiajiri. Umati mzima wa watu wenye mabosi unaingia kwenye vitabu vya serikali kama wafanyabiashara, kisa neno moja. Na mimi wangeniuliza ningejibu vivyo hivyo.

Bint_Likoni: Kaka Konda, pole kwa yaliyokufika. Hilo la neno moja hata mimi sikulisahau. Ila tusimdanganye mwenye mada: kabla hujalifikia, Rizzo anakupitisha kwenye nadharia nzito, mabishano ya wachumi na wachumi wenzao. Kwa Kiingereza cha kuombea maji, nusu ya kijiwe watashuka kituo cha kwanza. Mutongi utamsoma kitandani.

Na kama mnataka vijana wenyewe, Sheng yao na mbwembwe za mlangoni, yuko Mbũgua wa Mungai na *Nairobi's Matatu Men* cha 2013. Kwangu mimi hicho ndicho kitamu kuliko vyote, ila sijui huko Dar mtakipatia wapi.

Nganya_ya_Rongai: Konda umenibana. Huku nako kuna skwodi, anayepewa gari kwa raundi mbili tatu na makanga, yaani konda, wa siku hiyo akapumua. Mutongi hawafichi, ila macho yake yako zaidi kwa aliyenunua gari.

Drive_In: Mbona hamjamtaja Laura Fair? *Reel Pleasures*, 2018, majumba ya sinema ya Tanzania na watu waliojipanga foleni. Drive-In ya Msasani imo, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Haya, endeleeni na magari yenu.

Babu_wa_Ngamiani: Wanangu, vyote mlivyotaja ni vya Kiingereza. Shaaban Robert alipoandika *Wasifu wa Siti binti Saad* aliandika kwa lugha ya Siti mwenyewe. Binti wa Fumba aliyezaliwa kwa wafinyanzi, akaenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye sahani za santuri. Ukimsoma unaiona Unguja nzima, nani alidharauliwa na kwa nini. Leo konda anahojiwa kwa Kiswahili, kisha habari zake anauziwa kwa lugha nyingine.

Karatasi_Nyeupe: Shikamoo babu. Umetugusa, na wasifu huo ninao, nautoa nyumbani bure. Kitabu cha kununua kitakuwa cha Rizzo. Nadharia tutairuka, tutaanza na habari ya takwimu: mmoja anasoma, mwingine anafasiri kwa sauti, tunabishana. Mutongi ni zamu ijayo, Nganya usinune. Konda, Jumamosi saa 10 jioni unaweza kufika Tabata ukatueleza hesabu ilivyokuwa inagawanywa?

Konda_Mstaafu: Nafika mkuu. Nauli ya kwenda na kurudi ni juu ya kijiwe lakini. Mimi nimejiajiri.